Pasi ya Treni kwa Asiye na Pa Kwenda

Jambo la mwisho la kawaida nyumbani kwetu lilikuwa ubishi juu ya pasi yangu ya treni ya mwezi mzima. "Umestaafu, baba watoto. Unalipia safari zipi?" mke wangu aliuliza, akinifunga skafu. Jioni hiyo alifariki. Tangu mazishi nilikuwa silali.

Juzi, treni ikivuka mto Mississippi taratibu katika theluji, niliwasikia wauguzi wawili Wakenya, bado wamevaa sare za kazi.

"Hiyo pasi inakumalizia doo bure. Una-work siku mbili tu kwa wiki," mmoja alisema.

"Wachana na mimi. Hapa kwa treni mimi hulala poa kuliko kwa nyumba," mwenzake alijibu, shavu kwenye kioo.

Kwa hesabu ya pesa, mke wangu alikuwa sahihi. Asubuhi iliyofuata nililipia mwezi mwingine, nikakaa dirishani, nikalala hadi kituo cha mwisho, Saint Paul.