Gunia Moja na Kidogo

Nyumba ya mwanangu hapa Biharamulo ina kochi moja linalonitosha, na nililichukia kochi hilo kuliko kitu chochote nilichowahi kukalia. Nilikaa juu yake miezi kumi na minne. Asubuhi mkwe wangu ananiletea chai, naye ni binti mwema, sina la kumsema. Nikiinuka kuosha kikombe ananipokonya: "Mama, pumzika." Nikitaka kwenda sokoni, mwanangu anasema jua ni kali. Nikishika ufagio, wajukuu wanaitana utadhani nimewasha moto sebuleni. Mimi niliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minane, darasa la watoto tisini nikiwa peke yangu na chaki, eti napumzishwa. Wageni wakija wananisifu kwamba nimenawiri, kwamba mji umenikubali. Kunawiri gani? Nilikuwa nanenepa kwa hasira.

Kwangu ni Ngara, kijumba cha matofali kwenye mwinuko juu ya ziwa dogo lililozungukwa na mafunjo. Marehemu mume wangu na mimi tulikuwa tunavua pale kwa ndoana kila Jumamosi, perege na kambare, yeye mbele ya mtumbwi, mimi nyuma. Tungeweza kumaliza saa tatu bila kusemezana, na sijawahi kuongea na mtu vizuri namna ile. Alipofariki niliendelea kwenda peke yangu. Lakini mwili ulizidi kuongezeka, magoti yakaanza kunisumbua, na siku moja ule mtumbwi wake mwembamba ukanimwaga kwenye maji ya kiunoni. Sikuumia hata ukucha. Jirani alipiga simu Biharamulo kabla gauni langu halijakauka, na kesho yake mwanangu alikuwa mlangoni na gari.

Sikumpa raha. Kila Jumapili baada ya chakula nilimwambia neno lile lile: nirudishe kwangu. Mwishowe akachoka. "Mama," akasema, "ukipata mtumbwi wa kukubeba bila kupinduka, nitakurudisha mwenyewe. Usipopatikana, habari za Ngara tuzizike." Alisema hivyo ili kunifunga mdomo, nilimjua tangu utoto. Nikamshika papo hapo. Nikamwita mkewe kutoka jikoni aje ayasikie maneno hayo, yarudiwe mbele yake.

Wiki mbili baadaye tulipita Rulenge bila kusimama, tukateremka mpaka kwenye ziwa letu lile lile, kwa fundi wa mitumbwi. Fundi huyo ni mwanafunzi wangu wa zamani. Miaka mitatu nilimfundisha tofauti ya l na r, ikamshinda, au ilinishinda mimi.

"Shikamoo, Mwarimu."

"Marahaba. Nataka mtumbwi wa kukalia mtu mmoja, wa kuvulia ndoana, usiotikisika."

Alikuwa na mitumbwi mitano ufukweni. Wanaume wanne walikuwa wamekaa pembeni wakishona nyavu, na kama kawaida mmoja aliinuka kunipa kiti chake. Nilikataa. Fundi akanieleza anavyofanya kazi: hamuuzii mtu mtumbwi kabla ya kuupakia magunia ya mchanga, kila moja kilo hamsini, yenye uzito wa mzigo utakaobebwa, akaona maji yanafika wapi ubavuni. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza namba ya kiatu: "Mzigo wenyewe ni gunia ngapi, Mwarimu?"

Nyavu zikasimama mikononi mwa wale wanaume. Mwanangu akaangalia pembeni. Kadi yangu ya kliniki ya presha imeandikwa kilo mia na ishirini na saba, na kadi hiyo naificha ndani ya Biblia, maana najua mkwe wangu hawezi kuipekua Biblia yangu.

"Gunia moja," nikasema. "Gunia moja na kidogo."

Fundi alinitazama juu mpaka chini, lakini nani angembishia mwalimu wake? Akapakia gunia moja na ndoo ya mchanga kwenye mtumbwi mrefu wa gogo. Ulikaa vizuri mno. Aliutikisa kwa mguu, ukarudi wenyewe. Nikafurahi kama mjinga.

Kisha nikaingia mimi. Nilijikaza kisabuni, nikashuka polepole, nikasikia nyonga zangu zinagusa mbavu za mtumbwi huku na huku, kisha zinabanwa. Ubavu wa kulia ukazama, maji yakaingia mapajani. Nikataka kusimama, sikuweza. Nilikuwa nimekwama ndani ya mtumbwi, kwenye maji yasiyofika magotini, nikiwa na akili zangu zote timamu na siwezi kutoka. Fundi alinishika kwapa moja, mwanangu la pili, wakanivuta. Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka.

Mwanangu alinifunga kitenge changu vizuri kiunoni, taratibu, kama anavyomfunga binti yake mdogo. "Basi, Mama," akasema. "Umejaribu. Twende nyumbani." Hilo neno nyumbani lilinikata maini. Aliongea kwa huruma tupu, na kwenye ile huruma nikauona ufunguo ukizungushwa mlangoni.

Nikamgeukia fundi. "Nilikudanganya," nikasema, na nikahakikisha hata wale wa nyavu wananisikia. "Andika kilo mia na ishirini na saba. Pakia upya."

Fundi hakuandika kitu, aliitikia tu kwa kichwa, nadhani alijua tangu mwanzo. Aliuacha ule wa gogo akaenda kwenye mtumbwi wa mbao, mfupi, mpana, chini umekaa bapa kama sinia. Akachukua nyundo, akang'oa ubao wa kukalia. "Huu ubao ndio unaoangusha watu," akasema. "Mtu mzito akikaa juu, mtumbwi unapepesuka. Akikaa chini kabisa, yeye mwenyewe ndiye anayeuturiza." Akakunja magunia matupu mawili, akayaweka sakafuni katikati. Akapakia mchanga wa uzito wangu wa kweli. Maji yalifika nusu ya ubavu yakaishia hapo.

Nikaingia. Safari hii nilikalia magunia, miguu nimeinyoosha mbele, kafi mapajani. Nikaegemea kushoto kwa makusudi, nikaegemea kulia. Mtumbwi uliinama kidogo, ukarudi. Fundi akausukuma, nikaelea. Miezi kumi na minne sikuwa nimeguswa na upepo wa pale. Nililia, na sikuona haya.

Nilipopiga kafi, mtumbwi ulikwenda hatua chache ukasita. Mwanangu alikuwa ameshika kamba. Ilikuwa imefungwa kwenye pete ya mbele kabisa, na mimi nilikuwa nimekaa chini katikati, siwezi kujikunja wala kutambaa kuifikia. Mtumbwi umenibeba, na bado nimefungwa kama mbuzi malishoni.

"Achia kamba, baba," nikamwambia.

Akaizungusha mkononi mara nyingine.

"Tuliahidiana."

"Nilijua mtumbwi hautapatikana," akasema. "Baba alifia hapa nikiwa ndani ya basi. Nilifika wameshamfunika. Mama, sitaki kupigiwa simu tena nikiwa njiani."

Wale wa nyavu wakainamisha vichwa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nilikuwa na maneno yangu tayari kwa mwaka mzima, na kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nilimwonea huruma. Ningesema "nivute" angenivuta, tungerudi sote, na angelala usingizi mzuri usiku ule na miaka yote iliyobaki.

"Simu hiyo itapigwa tu, mwanangu," nikasema. "Hata nikibaki Biharamulo itapigwa. Tofauti ni kwamba utakuwa ofisini badala ya njiani. Achia."

Kisha akaifungua mkononi mzunguko mmoja mmoja, akaitupa majini, akanipa mgongo ili asione ninavyokwenda. Kamba ilielea mbele yangu. Nilitamani kumwita. Nikachovya kafi, nikavuta.