Taa ya Vifaranga

Maganda ya alizeti yakishika moto hutoa harufu ya mafuta ya kukaangia, kisha moshi mchungu unaokaa kooni. Nikiisikia hata leo, jirani anapowasha jiko, husimama na kusahau nilikokuwa naenda. Narudi Unyambwa, kijijini kwetu, msimu wa baridi nilipokuwa darasa la nne, upepo wa Julai ukitupasua midomo, na kuku wanne wa mama wametotoa kwa pamoja vifaranga arobaini.

Baba mdogo, anayemfuata baba kwa kuzaliwa, ndiye aliyekuwa fundi umeme wetu. Alivuta waya kutoka sebuleni hadi bandani, akaning'iniza globu ya zamani, ile inayotoa joto, akaifunga juu kwa kamba ya katani. Chini mama alikuwa amemwaga maganda ya alizeti kutoka kwenye mashine ya kukamua, kama wengi kwetu walivyofanya, kwa kuwa ni mepesi na hayashiki unyevu. Baba mdogo akayachota kwa kiganja. "Shemeji, haya si ndiyo mnayowashia jiko?" Mama akacheka. "Jiko lina kiberiti. Hapa kiberiti kiko wapi?" Akanigeukia mimi, niliyekuwa naona haya hata kuitikia salamu. "Bubu wangu, ukiona taa imeshuka, niite. Hata kwa kupiga mluzi."

Siku ya tatu asubuhi nilikuta vifaranga wamepandana kwenye kona wakilia. Nilidhani wanakufa kwa baridi. Kumwita mtu niliona haya, nikapanda juu ya ndoo na kuishusha taa shibiri moja. Wakaja chini yake mmoja mmoja, wakanyamaza. Nilijiona mtu mzima. Nikaenda kuteka maji, na niliporudi moshi ulikuwa unatoka kwenye mlango wa banda. Nilitua ndoo, nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo. Mama alitoka mbio, akaniona nainama kuinua ndoo. "Usimwage maji! Kuna umeme!" Akakimbilia swichi kuu, akazima, ndipo tukarusha mchanga kwa mabeseni. Vifaranga kumi na mmoja tu walipona.

Baba alisimama mbele ya banda lililoungua. "Fundi gani anafunga umeme kwa kamba?" Baba mdogo alisema mara mbili, kwa sauti ya chini, "Lakini niliifunga juu, kaka." Akanitazama. Mimi nikatazama miguu yangu. Tangu siku hiyo hakuitwa tena kwetu, hata kubadilisha soketi. Majirani walinisifu kwamba kelele zangu zimeokoa nyumba, na mama akanikaangia yai. Sikuelewa. Ilikuwa kamba, au maganda, au mkono wangu? Na kama ni mkono wangu, kwa nini mimi napewa yai?

Siku hizi nafuga kuku hapa Mandewa. Taa yangu inashikwa na mnyororo, imezungushiwa wavu wa chuma, na chini ni mchanga mtupu. Zamani tuliogopa baridi tu. Sasa naogopa zaidi kile kinachoifukuza. Juzi mama alikuja kunitembelea, akaushika ule mnyororo na kuuvuta kidogo.

"Ile taa niliishusha mimi," akasema. "Ulipokwenda kuteka maji. Niliona bado wanatetemeka. Shibiri moja tu."

Nilinyoosha vidole vyangu mbele yake, kidole gumba hadi cha mwisho. "Na mimi, mama. Kabla yako."

Alivitazama vidole vyangu kana kwamba anavihesabu. Kisha akajifunga khanga vizuri, akaokota viatu vyake. "Shemeji atakuwa nyumbani saa hizi. Nani ataanza kusema?"

Njia nzima nilipanga sentensi ya kwanza, naivunja, naipanga tena. Mama alipobisha hodi, nikasikia sauti ya baba mdogo ikiuliza ni nani, na sentensi bado sikuwa nayo. Nikapiga mluzi.