Anayefuata Mapacha

Nilipokuwa mtoto, mama yangu hakuitwa Mama Shija hata siku moja. Aliitwa Mama Kulwa, na wapita njia walimsalimia kwa kuinama kidogo, kana kwamba kuzaa watoto wawili kwa mpigo kulimpandisha cheo. Mimi nilizaliwa baada ya Kulwa na Doto. Kwetu Kishapu, anayefuata mapacha huitwa Shija, kwa hiyo hata jina langu halikuwa langu. Lilikuwa habari nyingine ya kaka na dada yangu.

Pale kijijini tuliamini kwamba mapacha ni watu wa maji. Mvua ikichelewa, wazee walikuja nyumbani, Kulwa na Doto wakapewa maziwa, wakapakwa unga usoni, wakaambiwa waimwagie ardhi maji. Mvua ikinyesha, walisifiwa. Isiponyesha, ilisemekana wamekasirishwa, na wa kwanza kuulizwa nilikuwa mimi: "Umewafanya nini wenzako?"

Mwaka ambao lambo letu lilikauka hadi tope likapasuka, ulifika mtambo wa kuchimba visima. Ulikuwa mradi wa serikali yetu na ya China. Fundi mkuu alikuwa Bwana Liu, mtu mwembamba mwenye kofia pana. Msaidizi wake alikuwa Masanja, kijana wa Samuye aliyewahi kufanya kazi kwenye migodi ya Geita na kuokota Kichina cha kuombea chumvi. Baba na wanaume wenzake walisomba mawe na mchanga, akina mama wakapika. Bwana Liu alikula michembe yetu, viazi vitamu vya kukaushwa, kwa karanga kama mtu aliyezaliwa Kishapu.

Kabla ya mtambo kunguruma mara ya kwanza, Bwana Liu aliwasha sigara kadhaa, akazichomeka ardhini kama ubani, akainamisha kichwa. Bibi, mama yake baba, alimtazama kwa makini.

"Kumbe naye ana wazee wake," akasema. Tangu hapo akampenda.

Lakini shimo la kwanza lilitoa vumbi tupu. Wakahamia mahali pengine, na wazee wakasema safari hii waitwe mapacha. Bibi akaonya: "Mkiwaita Kulwa na Doto, mwiteni na Shija. Huyu ndiye anayefunga mlango wa mapacha. Mkimwacha nje, kazi itawakwama mikononi."

"Mama, huyu mgeni hawezi kungoja ukoo mzima," baba akamjibu.

Mimi nilikuwa na faraja moja tu: Mchina ametoka mbali, hawezi kubabaishwa na mapacha. Masanja akamweleza habari ya mapacha. Bwana Liu akawatazama wale wawili, mvulana na msichana, akapiga makofi kwa furaha na kusema maneno mengi.

"Anasema hata kwao, pacha wa kiume na wa kike ni heri kubwa mno," Masanja akatafsiri, na watu wakashangilia.

Bwana Liu akapiga nao picha. Niliegemea gurudumu la lori lililoleta mtambo. Mtu amevuka nchi zote hizo, halafu anakuja kuwasifu walewale!

Kulwa na Doto wakamwaga maji yao kwa kata. Mtambo ukachimba hadi alasiri, kisha ukatoa mlio mbaya, chuma kikakwama chini. Bibi akasimama.

"Nilisema."

Watu wote wakanigeukia.

"Shija mwanangu, njoo umwage na wewe," mama akaniita.

"Sitaki. Mwiteni Kulwa."

Mama akanibembeleza, baba akaanza kutafuta fimbo. Bwana Liu akamzuia kwa mkono, akaja kuchuchumaa mbele yangu.

"Anauliza jina lako lina maana gani," Masanja akasema.

"Anayefuata."

Alipotafsiriwa jibu langu, Bwana Liu akajigusa kifua. "Anasema naye ni anayefuata, wa mwisho kwao," Masanja akaniambia. "Utotoni alivaa nguo za kaka zake, hakuwahi kushonewa yake."

Sikucheka, ila nikaichukua ile kata ya maji. Nikatoa sharti: Kulwa na Doto wakakae nyuma ya lori. Wakaenda, Doto akiuma mdomo. Nikamwaga polepole sana ili maji yasiishe, kwa kuwa kijiji kizima kilikuwa kinanitazama mimi.

Masanja na Bwana Liu walihangaika na kile chuma hadi kikaachia, na kesho yake asubuhi maji yakaruka, ya tope kwanza, kisha meupe. Watu wakanipita mbio. Bibi alipaza sauti, "Wabeja! Wabeja!" akiishukuru ardhi na mafundi kwa pamoja. Doto alikuwa ameshika mkono wa Bwana Liu, wanacheza kwenye matope. Niligeuka huku na huku nikimtafuta anayenitazama. Hakuwepo.

Nimekua, ninafundisha shule Shinyanga mjini. Nilipokutana na Masanja tena, alinieleza kwamba chuma kingetoka tu, na Bwana Liu alilijua hilo tangu mwanzo. Ila siku ile alimwambia Masanja kwamba kisima ni cha wenyeji, na wenyeji wakianzishe wanavyojua wao. Sikukasirika. Bibi aliamini hadi kufa kwamba mlango ule niliufunga mimi, na sikutaka kumpokonya hilo, wala kujipokonya mwenyewe.

Ninachokumbuka zaidi ni mama. Alipenya hadi kwenye maji, akakinga viganja, akanywa. Akakinga tena, akageuka, akamnywesha mtoto aliyekuwa karibu naye bila kutazama ni nani. Nilikuwa mimi.

Kwa miaka mingi nililibeba hilo kama kidonda. Sasa nina watoto wangu, na ninajua kwamba mwanamke aliyechota maji mbali maisha yake yote, siku yanapomfikia mlangoni, humnywesha yeyote. Hachagui, na kutochagua kwake ndiko upendo. Ninalielewa kabisa. Hata hivyo, nikimsikia mtu akimwita Mama Kulwa, moyo unanichoma kidogo, na bado natamani siku ile angetazama.