Duka la Dawa Ambamo Kila Mtu Ana Taifodi

Wengi wenu mnakosea hapa: kipimo kikisema taifodi "ipo", mnadhani ndiyo inayowaumiza.

Leo asubuhi mke wangu alikuwa na homa kali na pumzi fupi. Mwenye duka la dawa hapa Kitengela akamtoa tone la damu, akatangaza:

"Mama ana taifodi. Aanze vidonge sasa hivi."

Nikamuuliza, damu ya mtu mwenye afya huonyesha nini kwenye kipimo hicho?

"Mzee, damu haidanganyi."

"Basi nipime mimi. Nimetoka kukamua ng'ombe, sina hata kikohozi."

Akapima. "Woi! Hata wewe uko nayo."

"Sasa jipime."

Akajipima, wateja wakichungulia. Naye anayo! Na bado alitaka kutuuzia vidonge. Huyo ndiye mnayemwita daktari.

Ukishawahi kukutana na vijidudu vya taifodi, alama huweza kubaki kwenye damu hata ukiwa mzima. Asiyejua damu ya mzima ilivyo atamjuaje mgonjwa?

Nikampeleka mke wangu hospitalini Kajiado; wakalinganisha damu yake na viwango vya kawaida, wakampiga picha ya kifua. Nimonia. Sasa yuko kwenye oksijeni.

Kama umeambiwa dukani una taifodi na homa haishuki, nenda hospitali leo ukapimwe upya.