Nilimruhusu Binti Yangu Azunguke Uganda Peke Yake na Begi Mgongoni: Nilichokiogopa Sicho Kilichompata

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Huu ni uzi wangu wa pili. Wa kwanza niliuliza kuhusu trekta nikaambulia matusi, nikanyamaza.

Ila hili la leo limenikaa kifuani miezi minne. Nalileta kama lilivyotokea, bila chumvi, na penye aibu yangu nitasema aibu ni yangu.

Kwa kifupi, mimi ni Mkurya wa Gorong'a, lakini ugali wangu uko Nyamongo. Nauza spea za pikipiki. Nina mke mmoja na mabinti watatu. Mtoto wa kiume sina, na kabla hujaniuliza: sitafuti.

Huyu wa kwanza tumwite Rhobi. Ana miaka 23.

Nilimlea kama nilivyolelewa. Akianguka, simwinui. Akiumia namwambia, "Mtu wa kwetu halii." Wanaotufahamu wanajua, kwetu kijana anasimama mbele ya kisu cha jando na kope haichezi, huku ukoo mzima unamkodolea macho.

Mabinti zangu sikuwapeleka kwenye kisu. Kwa hilo kuna wazee hadi leo salamu yangu hawaiitikii, na sijutii. Lakini ule ugumu niliutaka wawe nao.

Rhobi akiwa na miaka saba alikanyaga msumari. Alikuja dukani anachechemea, akaniambia, "Baba, kuna kitu kwenye mguu." Hakutoa chozi. Nilitamba nayo wiki nzima.

Alipomaliza chuo akapata kazi ya mapokezi kwenye kambi ndogo ya watalii nje kidogo ya Mugumu. Huko ndiko ugonjwa ulikoanzia.

Alikuwa anawapokea wasichana wa Kizungu, rika lake, wengine wadogo kwake. Wanashuka kwenye basi peke yao, begi kubwa mgongoni, ramani kwenye simu, hawamjui mtu yeyote Serengeti nzima. Backpackers. Wanalala kwenye hema, asubuhi wanacheka, wanaondoka.

Jumapili moja akaja nyumbani. Tumemaliza kula, akasema anataka kwenda Uganda mwezi mzima, solo. Jinja, Fort Portal, Kabale, kisha avuke Rwanda ndiyo arudi.

"Huko kuna nani?" nikamuuliza.

"Hakuna mtu, Baba. Ndiyo maana nataka kwenda."

Mura! Nilihisi joto mpaka masikioni.

Basi ukoo ukakaa kikao. Baba yangu mdogo akasema watamtoa figo. Shangazi akasema atauzwa Uarabuni. Binamu yangu anayeishi Sirari, Kiswahili chake nusu kimevuka mpaka, akasema, "Wacha nikwambie, hao wasee wa Kampala watakuwekea dawa kwa soda, uamke hauna kitu."

Hebu cheka kidogo hapo. Haya tunayasema sisi watu wa Tarime, ambao wageni wakisikia tu jina letu wanauliza kama ni salama kushuka kwenye gari.

Rhobi alisikiliza wote, kisha akasema kwa upole, "Wale wasichana wanatoka kwao mbali, wanakuja kulala jirani na simba wetu, na nyie mnawakaribisha. Mimi naenda hapo Uganda tu, mnaongea kama mnanizika."

Nikamruhusu.

Kuna mtu atauliza kwa nini sikumkatalia. Nilijua akikatazwa ataenda tu, na ataenda bila kuaga. Namjua, ni damu yangu.

Ila nikaweka sheria. Nilimwambia, "Siku utakayonipigia na tatizo, hata liwe dogo namna gani, hiyo ndiyo siku ya kurudi. Hakuna mjadala." Nilijiona nimetumia akili nyingi sana.

Nikamwandikia na masharti, karatasi mbili. Usinywe soda iliyofunguliwa. Usimwambie mtu uko peke yako. Usipokee mzigo wa mtu mpakani. Usimwamini anayekuchekea sana.

Kuhusu pikipiki sikuandika hata mstari mmoja. Mimi, muuza spea.

Nilimsindikiza mpaka Sirari, apitie Kenya. Nilitaka kumkumbatia, nikaishia kumkazia mikanda ya begi. Akasema, "Shikamoo Baba," nikaitika, akavuka.

Wiki ya kwanza picha zilikuwa zinamiminika. Rhobi na samaki Kisumu, Rhobi Jinja kwenye daraja, mikono juu. Nikaanza kuwaonyesha wateja. "Huyu binti yangu, yuko Uganda." Kifua mbele tena, hahaha.

Wiki ya pili picha zikapungua, na zote zikawa za kiunoni kwenda juu.

Mimi sikuona kitu. Aliyeona ni mke wangu. Aliikuza picha moja kwa vidole, akasema, "Huyu mtoto amevaa dera."

"Kwani dera ni kosa?"

"Rhobi hajavaa dera tangu nimzae. Anaficha nini?"

Nikampuuza. Kesho yake Rhobi akaweka video fupi kwenye status, anatembea kuelekea kwenye kamera, anacheka. Nikaiangalia mara moja. Nikairudia.

Wakuu, mimi pikipiki ikisimama tu mlangoni najua shokapu ipi imekufa, kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Mwanangu mguu wa kulia alikuwa hauwekei uzito.

Nikampigia video call. "Niko poa Baba," akasema.

"Geuza kamera nione miguu."

Akajifanya mtandao unakata.

"Rhobi, geuza kamera."

Akakata. Nikapiga tena, haipatikani. Nikamwandikia: UNARUDI LEO. Herufi kubwa, hivyo hivyo. Tiki ikabaki moja.

Nilizunguka nyumba nikiwa mkali kwa kila mtu. Nikasema mtoto hana adabu, nikasema kambi ya watalii imemharibu. Mke wangu alikuwa anachambua dagaa, hakuinua kichwa. Si mtu wa maneno mengi. Akaniuliza tu, "Ungekuwa wewe ndiye Rhobi, umeumia, ungekupigia wewe?"

Nilitembea na lile swali mpaka dukani.

Ile sheria ilikuwa haimlindi mtoto. Ilikuwa inamwambia: ukiumia, usiniambie. Na kwa ule wimbo wa "mtu wa kwetu halii" nilikuwa nimempigilia msumari wa mwisho. Alikuwa anafanya vile vile nilivyomfundisha, tena kwa ufaulu mkubwa.

Nikakaa nyuma ya kaunta nikamrekodia voice note. Sijawahi kuongea na mtoto wangu namna ile. Nilisema, "Rhobi, ile sheria nimeifuta. Kama unaumwa, niambie tuumwe wote. Ukipona, endelea na safari yako, sitakurudisha. Naogopa, mama. Mimi baba yako nimekaa hapa nalia, na kuna mtu amesimama anataka plagi, sijui nimfanyeje."

Yule mteja aliondoka bila plagi yake. Mungu ambariki.

Saa tisa alasiri simu ikaita.

"Tata," akasema.

Huwa ananiita Baba. Tata ni Kikurya, ndivyo alivyokuwa akiniita akiwa mtoto mdogo. Halafu akaanza kulia. Kilio hicho mara ya mwisho nilikisikia akiwa ananyonya.

Kumbe ilikuwa hivi. Siku ya tatu pale Jinja alipanda bodaboda akiwa na kaptula. Mtoto wa Nyamongo anajua tangu chekechea kwamba unashukia kushoto, kulia kuna ekzosi. Lakini lile begi kubwa lilimvuta, akaangukia kulia, nyama ya mguu ikabana kwenye bomba la moshi. Ngozi ikabaki pale.

Mtu akamwambia apake dawa ya meno. Akapaka. Siku mbili baadaye akaenda kuogelea mtoni na kidonda chake.

Mguu ukavimba, ukatoa usaha, homa ikaja. Siku tisa, wakuu. Siku tisa anameza panadol na kunitumia picha anacheka.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungenirudisha, Tata. Na nilikuwa sijafika hata nusu."

Si figo, si Uarabuni, si soda. Ekzosi, ambayo nimeitundika ukutani dukani kwangu, na woga wa kuniambia mimi.

Nikamwambia ampe simu mwenye gesti alikofikia hapo Jinja, mama mmoja mtu mzima wanamwita Nalongo, yaani mama wa mapacha. Kiswahili chake cha kuokoteza, Kiingereza changu hicho hicho. Tulielewana. "Huyu mutoto ni mukaidi," akaniambia. "Mimi nampeleka dakitari sasa hivi. Wewe tulia."

Nalongo yule yule ambaye kwenye karatasi zangu ni "usimwamini anayekuchekea sana."

Daktari akasema maambukizi yamepanda karibu na goti. Angechelewa siku mbili tatu zaidi yangeingia kwenye damu, na hapo tungezungumza mengine. Akalazwa.

Asubuhi nikachukua hati ya dharura ya kusafiria pale Sirari, nikavuka. Wakuu, nina miaka 51 na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuipita Migori.

Nimekaa tu kwenye gari, meseji ya Rhobi ikaingia: "Baba, unakuja kunichukua au unakuja kuniona?"

Niliishika ile simu mpaka Kisii. Kisha nikaandika: "Kukuona."

Nimesema nitasema kweli. Nilikuwa nadanganya. Rohoni nilikuwa naenda kumchukua. Ahadi niliyoitoa kwa machozi nilishaanza kuitafutia mlango wa kutokea.

Kisumu nilipotea stendi, nimeduwaa na kifuko changu. Mama mmoja muuza vitenge akaniuliza, "Mzee, unaenda wapi?" Nikamwambia Jinja, mtoto wangu mgonjwa. Alinishika mkono kama kipofu mpaka kwenye gari la Busia, akamwambia konda, "Huyu ni wangu, umfikishe." Sikumjua jina.

Nikajipapasa ubavuni kimyakimya. Figo zote zipo.

Nilimkuta Rhobi wodini, amekonda, Nalongo yuko pembeni anamnywesha uji. Nilitaka kumshukuru yule mama, nikashindwa kwa lugha zote. Nikampigia magoti. Mkurya mzima. Akanicheka, akaniinua.

Wakati huo nesi akaja kusafisha kidonda. Sitaelezea. Nilimshika Rhobi mkono. Alikuwa ameuma meno, macho yametazama dari, kope haichezi. Yule yule wa msumari.

Nikainama sikioni nikamwambia, "Lia, mwanangu. Lia tu."

Akalia wodi nzima ikasikia. Na mimi nikalia, hatukuwa na haya.

Tulikaa siku nane. Mguu ukapungua, homa ikakata. Daktari akamwandikia dawa na karatasi ya kwenda kufungwa kidonda popote atakapokuwa, akasema sasa anaweza kusafiri, mradi asiloweshe.

Asubuhi ya kuondoka tukaenda stendi. Rhobi ana begi lake mgongoni, anatembea taratibu. Sikuwa nimesema lolote kuhusu wapi tunaelekea. Naye hakuuliza. Tulipofika kwenye magari ya Busia akasimama, akaniambia, "Twende tu nyumbani, Baba. Nimeshakusumbua vya kutosha."

Ndiyo maneno niliyotoka Tarime kuyasikia. Yamekuja yenyewe, sijayaomba. Ningesema "haya" tu, yangeisha, na asingenilaumu maisha yake yote.

Nikamwangalia usoni. Nikaona hanidai ahadi yangu, kwa sababu hakuitegemea.

Nikamwambia, "Magari ya Fort Portal yanapandia wapi?"

Akauliza, "Kweli?" Nikamvua begi nikalibeba mimi, tukaenda tunauliza.

Nilimpandisha, akakaa dirishani, gari likaondoka upande wake. Mimi nikapanda la Busia peke yangu. Kuanzia Jinja mpaka mpakani sikuona njia kwa machozi.

Baada ya hapo alinipigia kwa kila upuuzi. Kapoteza chaja. Anaumwa kichwa. Kabale ni baridi, avae nini? Kigali kamwona kijana mzuri, anasema ananitaarifu tu! Kila simu ilipoita nilimwacha mteja, napokea kwanza. Alirudi baada ya wiki tano, yuko kazini Mugumu, ana kovu la kiganja kizima mguuni.

Sisemi dunia ni salama. Vijana wanapotea kweli, wanaibiwa kweli, na wazazi wenye hofu si wajinga. Mwambie mtoto kuhusu soda, mwambie na bodaboda, kidonda, maji machafu, usingizi barabarani. Ila nilichojifunza ni kwamba hatari yoyote ile, ndogo au kubwa, inakua pale mtoto anapoanza kupiga hesabu kama akuambie au asikuambie. Ekzosi ilimchoma sekunde moja. Zile siku tisa zilikuwa zangu.

Karibuni mchangie, na wa kunitukana karibuni pia, nimeshazoea tangu lile la trekta. Ila kabla hujaandika, jibu moyoni mwako kwanza: mwanao akiumia leo mahali usipokuwepo, wa kwanza kumpigia ni wewe, au wewe ndiye wa kwanza kufichwa?