Unga Ambao Sikuukung'uta

Chekeni sasa mmalize, maana nikianza kusimulia halafu mtu akanikatiza kwa kicheko nitanyamaza, na aibu hii nimeibeba miaka mingi kiasi kwamba wajukuu wangu waliijua kabla hawajajua jina langu kamili. Mimi ndiye yule Mahano wa mtaa wa Mulongwe aliyepita katikati ya Uvira mweupe pe, kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, akishangiliwa kwa mtihani alioufeli. Na sikuwa nimelewa.

Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru. Wabelgiji walikuwa wameondoka, ofisi zimebaki na viti na mafaili, na kila mahali alitafutwa mtu anayejua kuandika barua ya serikali na kufunga vitabu vya hesabu. Ndipo ikaanzishwa kozi ya miezi sita, kontabilite, yaani utunzaji wa hesabu, na kazi za ofisi, katika ukumbi mmoja pale mjini, na aliyefaulu alipewa breve, yaani karatasi ya ushahidi yenye mhuri, na kwa karatasi hiyo angeitwa karani na kukalia kiti kinachozunguka (nilikuwa nimekiona kimoja kupitia dirishani, nikakitamani kuliko chakula). Mwalimu wetu aliitwa Zakaria, karani wa zamani, mtu mfupi mwenye sauti ndogo, na hiyo sauti ndogo mtaiona ilivyoniponza.

Sasa nyumbani kwetu kulikuwa na koti. Koti la marehemu baba, la rangi ya kahawia, limening'inia kwenye msumari tangu tulipomzika, na mama hakumruhusu mtu kuligusa hata kwa kulipangusa vumbi. Siku nilipoanza kozi alisema mbele ya wote, "Ule atakayeleta breve humu ndani, njo atavaa koti ya baba yenu." Mimi nikatabasamu, nikijua ni langu, kwa kuwa ni mimi mtoto wake wa pekee wa kiume. Wiki iliyofuata akaja Kashindi.

Kashindi ni mtoto wa mjomba wangu, kaka yake mama, na alitoka Katogota na begi moja la kamba ili asome kozi hiyohiyo na alale chumba kimoja na mimi. Jamani, huyo kijana alikuwa mwema mpaka inachosha. Alikunja blanketi lake asubuhi, alimchotea mama maji bila kuombwa, aliandika tarakimu zimesimama wima kama zimepangwa na rula, na wala hakujisifu, jambo ambalo lingenipa walau sababu ya kumchukia kwa haki. Barua ikifika, mama alimpa yeye aisome, mimi niko palepale na macho yangu mawili. Na kuhe, samaki wa ziwa letu, akipikwa, kichwa chake, ambacho tangu nizaliwe kilikuwa changu, kikaanza kuangukia sahani ya Kashindi. "Muache ale, iko mugeni," mama alisema. Mgeni wa miezi sita! Nawaambia kweli, niliona wivu mpaka ugali ulinikwama.

Siku ya mtihani mizania yangu ilikataa kulingana. Pande mbili zilipishana, nikahesabu mara tatu, zikapishana kila mara kwa namna mpya, basi ile tofauti nikaiandika kuwa "gharama mbalimbali" nikatoka wa kwanza, kifua mbele. Kashindi alitoka wa mwisho.

Majina yalisomwa Jumamosi mchana, uani mwa ukumbi. Na hapa lazima niwakumbushe desturi yetu, maana bila hiyo mkasa hauna mguu: kwetu mtu akifaulu anamwagiwa unga wa muhogo kichwani, na hafutwi, anatembea hivyohivyo mpaka nyumbani ili njia nzima ijue. Akina mama walikuwa wamejaa uani na unga umefungwa kwenye pembe za vitenge. Mwalimu Zakaria alisoma majina tisa kwa ile sauti yake, na kelele zilikuwa nyingi, lakini mimi nilisikia yote tisa vizuri sana. La Kashindi lilikuwa la pili. Langu halikuwepo.

Nilikuwa nimesimama bega kwa bega na Kashindi. Wanawake wakamrukia, unga ukapaa, na kiasi cha kiganja kimoja kikaniangukia mimi begani. Hapo ndipo penye mkasa wote. Mtu mwingine yeyote angeukung'uta. Mimi niliutazama ule unga, nikamtazama Kashindi aliyekuwa mweupe akisukumwa huku na huku kwa nderemo, roho ikaniuma kwa namna siwezi kuieleza, nikauacha. Nikauacha tu ukae.

Mama Furaha, jirani yetu wa mlango wa pili, aliyekuwa akimmwagia kijana mwingine wala hakumwona Kashindi, akageuka akaniona na bega jeupe. "Hé! Na weye, Mahano!" Kabla sijafumbua mdomo (na nakiri sikuharakisha kuufumbua) akanimwagia kitenge kizima. Wengine wakaona wakaja. Nikafumba macho nikainamisha kichwa kidogo, kuwarahisishia.

Ningeweza bado kupita njia ya nyuma, nikanawe, mambo yakaisha. Nikachagua barabara ya sokoni. Watu wakanipigia vigelegele, wauza samaki wadogo wa ndagala wakasimama, mzee mmoja akanivulia kofia, na kila niliposalimiwa nilipunga mkono tu bila neno, kwa sababu nilikuwa nimejiwekea sheria kwamba ilimradi sisemi nimefaulu, basi sidanganyi. Jua lilikuwa kali. Jasho lilipochanganyika na ule unga, uso wangu ukaanza kuwa ugali.

Nyumbani Mama Furaha alikuwa ameshatangulia na habari. Mama alitoka mbio, akanishika uso kwa mikono miwili, akalia, akasema, "Mutoto wangu, hata kichwa ya samaki nilikuwa nakunyima!" (Yaani alikuwa anajua! Alikuwa anajua siku zote!) Akanivua shati lenye unga akalitupa kwenye beseni, akaingia ndani, akatoka na koti. Akanivalisha juu ya kifua kitupu, kifungo kwa kifungo. Lilinukia baba. Hapo nilitaka kusema ukweli, nawaapia, lakini majirani walikuwa wameshajaa, kuku ameshakamatwa, na watu wanasema hotuba, hotuba.

Nikatoa hotuba. Nilisema juu ya debi na kredi, na jinsi nchi yetu changa inavyohitaji vichwa vilivyotulia. Nikamwahidi mume wa Mama Furaha kwamba nikishaingia ofisini nitamkumbuka.

Katikati ya makofi akaingia Kashindi. Alikuwa msafi. Nywele zimelowa, shati limemgandama mwilini, hakuna hata chembe ya unga sikioni. Mama akamshika mkono kwa huruma, akamwambia, "Pole, baba. Hata mara ingine iko." Kashindi akanitazama mimi, akatazama koti, na macho yake yakakaa juu yangu muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko kozi nzima. Kisha akasema polepole, "Ndiyo, shangazi. Mara ingine."

Na mimi, badala ya ardhi kunimeza, mnajua nilifanya nini? Nilimpigapiga begani mbele ya watu nikasema, "Usikate tamaa, ndugu. Nitakupa daftari zangu." Ni sentensi hiyo inayoniamsha mpaka leo.

Lakini nilikuwa nimesahau jambo moja. Mwalimu Zakaria, kwa kuwa wazazi wengi hawakujua kusoma, alikuwa na mtindo wa kuipeleka breve mwenyewe nyumba kwa nyumba, ili mzazi aipokee kwa mkono wake na mwalimu ale kidogo. Akatokea mlangoni na bahasha kwapani, wakampa kiti cha mbele. Mama akapiga magoti akamshukuru kwa ajili ya mtoto wake.

"Aksanti, mama," alisema kwa ile sauti, na safari hii kila mtu aliisikia. "Minye naleta breve ya Kashindi. Ule kijana iko wapi?"

"Ya Kashindi?" mama akauliza. "Na ya huyu?"

Mwalimu akanitazama, kwanza unga, kisha koti, kisha unga tena. "Huyu? Huyu nani alimumwagia?"

Nilijaribu kuonyesha uso wa mtu aliyeshangaa kama wengine, ila ule ugali ulikuwa umekauka, nikasikia shavu linapasuka na kipande kikadondoka kwenye kola ya koti la baba. Mama Furaha alijiziba mdomo. Mama hakunitazama mimi. Alimgeukia Kashindi. "Na unga yako iko wapi?"

"Nilinawa, shangazi. Mtoni."

"Sababu gani?"

Kashindi akainamisha kichwa. "Jina ya Mahano haikusomwa. Minye nikasema, nikiingia humu mweupe, ataumia roho."

Hakuna aliyecheka. Ningelipa chochote wacheke. Mama akaniambia neno moja tu, "Vua," nikafungua vile vifungo mbele ya mwalimu, majirani na kuku aliyekwisha kunyonyolewa, nikabaki kifua wazi, kichwa cheupe na tumbo jeusi, nikatoka kwenda mtoni. Na pale mtoni, kwenye jiwe tunaloogea, nikakuta unga wa Kashindi bado umeganda. Nililia pale, na msidhani ni kwa toba. Nililia kwa wivu, kwamba huyu mtu amenishinda hesabu, amenishinda kichwa cha samaki, na sasa amenishinda hata wema.

Miezi si mingi baadaye uasi ukaingia Uvira, na watu wa ofisi, wenye makaratasi na makoti, ndio waliotafutwa kwanza. Kashindi, aliyekuwa ameshaanza ukarani, alipanda njia za milimani kuelekea Lemera, koti la baba, ambalo mama alimvalisha yeye siku ileile, likiwa kwenye gunia la mihogo. Wenye silaha walifika kwetu, wakanisimamisha uani, mmoja akauliza kama humu ndani iko muntu wa ofisi. Mama Furaha akajibu kutoka mlangoni kwake, "Huyu? Huyu alianguka mtihani, Mulongwe yote inajua! Alijimwagia unga bure!" Akawasimulia mkasa wote. Walicheka mpaka wakaegemea bunduki zao, wakaenda zao.

Nilikuwa nimepona, namshukuru Mungu. Na bado, sikilizeni ubaya wa moyo huu, ndani kabisa kulikuwa na sauti inayotaka kuwakimbilia iwaambie kwamba nilikosa alama chache tu.

Kashindi alirudi mambo yalipotulia, amekonda, koti limechanika mkono. Kozi ilipofunguliwa tena alinifundisha mizania mwezi mzima, nikarudia mtihani, na jina langu liliposomwa nilimwomba mwalimu alisome mara ya pili, na ya tatu, huku nimejifunika kichwa kwa daftari. Nilifika nyumbani mkavu, bila chembe ya unga. Mama alichota unga kwa vidole viwili, kidogo kama chumvi, akaniwekea utosini.

"Ni hii tu?" nikamuuliza.

"Ni hii tu. Ingine ulishaimaliza."

Kashindi akalileta koti akanivalisha, na kwenye kola lile doa jeupe la ugali wa usoni mwangu lilikuwepo bado, halijatoka mpaka leo. Kuacha wivu sijaapa, maana najijua. Ila unga wa mtu mwingine ukiniangukia begani, hata kwenye harusi, mnaniona nasimama kando naukung'uta kwa mikono miwili.