Nililia Mgongo, Mtaalamu Akanipigia Makofi

Jamani, umewahi kumwambia mtu unakufa, yeye akakupigia makofi?

Mimi yamenikuta.

Kazi yangu ni kutandika vigae. Magoti chini, mgongo umejikunja kutwa nzima. Siku hiyo nainua boksi la vigae, kitu kikafanya "ta!" kiunoni. Kuanzia hapo ni moto, toka makalioni mpaka kidole gumba cha mguu.

Hospitali, picha ikaonyesha diski ya mgongo imechomoza, inabana mshipa wa fahamu.

Kukaa siwezi. Kulala siwezi. Nazunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mke wangu ndiye aliyekuwa ananivalisha soksi. Soksi, jamani! Baba mzima. Nikawa najiuliza, nisipoweza kuinama tena, hawa watoto watakula nini?

Kwenye mazoezi ya tiba nikakabidhiwa kwa dada mmoja mfupi, mtaalamu wa viungo, wagonjwa tumembatiza Afande.

"Lala kifudifudi. Sukuma kifua juu kwa mikono, kiuno kibaki chini. Na nyumbani hivyo hivyo."

Kila nikienda, swali ni lile lile: "Maumivu yako wapi?" Hata siku moja hajaniuliza yanauma kiasi gani. Nikaanza kumchukia.

Wiki zikapita. Asubuhi moja naamka, mgongo unawaka balaa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaja juu.

"Si nilikwambia? Huyo anakumaliza. Kuna mzee namjua, anakukanyaga mgongo mara moja tu, unapona."

Nikakubali. Ila nikasema tupitie kwanza kwa Afande, nimpe vidonge vyake.

Kufika tu, nikamvaa: "Umeniharibu! Mgongo unaniua!"

"Na kidole?"

Nikakichezesha.

"Hakiumi."

"Shavu la mguu?"

"Nalo... haliumi."

Akapiga makofi, wagonjwa wote wakageuka.

"Nimekuja kulalamika, wewe unafurahi?"

"Wewe si fundi? Bomba likipasuka bafuni, unyevu ukafika chumbani, unahangaika na chumba?"

"Nafuata bomba."

"Ukiliziba, kunaanza kukauka kule mbali. Maumivu yameuhama mguu, yamerudi yalikotoka. Mshipa unaachiwa! Ndiyo maana kila siku nakuuliza yako wapi."

Kumbe nilikuwa njiani kwenda kukanyagwa siku ileile niliyoanza kupona!

Shemeji alikuwa mlangoni, kajishika kiuno.

"Dada," akasema kwa upole, "na mimi naweza kulala hapo?"

Nikamgeukia. "Kwani yule mzee wako?"

"Ndiye aliyenikanyaga mimi."

Sikujua nicheke au nimpige.

Juzi mke wangu kachuchumaa mbele yangu na soksi kama kawaida. Nikamnyang'anya, nikainama taratibu, nikavaa mwenyewe. Akakaa palepale sakafuni, akalia.

Ndugu yangu, ukiona tiba inakuumiza, usikimbilie kuiacha wala kusikiliza kila shemeji. Rudi kwa anayekutibu, hata kama unakwenda kumgombeza.